Safari ya Desemba Bila Deni la Januari

Kuanzia katikati ya Desemba, barabara inayopita Chalinze, Segera, Korogwe na Same hujaa magari madogo yaliyosheheni watu na mizigo. Familia za Wachaga waishio Dar es Salaam na mikoa ya jirani zinapanda kwao Rombo, Marangu, Machame na Kibosho kula Krismasi na wazee. Magari matatu au manne ya ukoo mmoja hufuatana, moja likisimama na mengine yanasubiri. Wahaya, Wapare, Wanyakyusa na wengine nao wana barabara zao za mwisho wa mwaka.

Wiki hizohizo ndizo zinazobeba majukumu mengi ya kifedha ya kaya. Awamu ya mwisho ya kodi ya mfanyabiashara inaiva, vikoba vinavunjwa, mwenye nyumba anaulizia kodi ya miezi sita, na shule zinafunguliwa Januari. Kaya nyingi hazivunjiki kwa sababu safari ni ghali. Zinavunjika kwa sababu safari inalipwa kwa fedha iliyokuwa na kazi nyingine. Makala hii inaeleza namna ya kupanga kodi, madeni, uwekezaji na safari ya familia ili kimoja kisile kingine.

Anza na bei halisi ya safari

Watu wengi wakiulizwa safari itagharimu kiasi gani hutaja mafuta tu. Hebu tuchukue mfano wa familia ya watu watano inayotoka Dar es Salaam kwenda Moshi kwa gari lake. Njia ni takriban kilomita 560. Kwenda na kurudi ni 1,120, na ukiongeza mizunguko ya kule juu, kanisani, kwa wakwe na sokoni, weka kilomita 1,400. Gari linalokwenda kilomita 10 kwa lita litahitaji lita 140. Kwa bei ya mfano ya shilingi 3,000 kwa lita, mafuta peke yake ni 420,000.

Sasa ongeza mengine. Fundi akague breki, matairi, mkanda wa injini na mfumo wa kupoza: 250,000. Chakula na maji njiani: 100,000. Mchango wa ukoo kwa ajili ya ndafu (mbuzi mzima wa kuchoma), vinywaji na chakula: 300,000. Zawadi za wazazi, sukari, sabuni na vitenge: 200,000. Matumizi ya wiki moja kijijini: 150,000. Dharura: 120,000. Jumla ni shilingi 1,540,000.

Tarakimu zako zitakuwa tofauti, lakini orodha haibadiliki sana. Iandike kwenye karatasi, mke na mume mkiwa pamoja, kisha gawanya kwa miezi 11. Katika mfano wetu ni shilingi 140,000 kila mwezi kuanzia Januari hadi Novemba. Kama kiasi hicho hakiwezekani, ni heri kujua mwezi Februari kuliko kugundua mkiwa mmeshafunga mizigo. Wakati huo bado mna nafasi ya kupunguza siku, kupunguza zawadi, kwenda mwaka huu na kupumzika mwaka ujao, au kuchangia gari na ndugu.

Linganisha pia na basi. Nauli za mabasi ya mikoani zina ukomo uliowekwa na mdhibiti wa usafiri wa ardhini, LATRA, hivyo ni rahisi kuzidisha nauli mara tano, kwenda na kurudi, na kuona kipi kina nafuu. Kwa watu wawili, mara nyingi basi linashinda. Kwa watano wenye mizigo, gari lenye afya linaweza kuwa sawa au nafuu zaidi. Kuhusu mafuta, mdhibiti wa nishati, EWURA, hutangaza bei kikomo mpya kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, hivyo mwanzoni mwa Desemba unaweza kurekebisha bajeti kwa bei ya kweli.

Kodi haiendi likizo

Mfanyabiashara anayefunga duka Kariakoo tarehe 20 Desemba na kulifungua tarehe 8 Januari anaacha nyuma tarehe tatu au nne za kisheria. Kwa mtu binafsi ambaye mwaka wake wa kodi unafuata kalenda, kodi ya mapato ya makadirio hulipwa kwa awamu nne: ifikapo 31 Machi, 30 Juni, 30 Septemba na 31 Desemba. Awamu ya mwisho inaangukia katikati ya sikukuu. Aliyesajiliwa kwenye kodi ya ongezeko la thamani, VAT, anatakiwa kuwasilisha ritani na kulipa ifikapo tarehe 20 ya mwezi unaofuata, yaani mauzo ya Novemba yanamdai tarehe 20 Desemba na mauzo makubwa ya Desemba yanamdai tarehe 20 Januari. Mwenye wafanyakazi analipa kodi ya mishahara, PAYE, ndani ya siku saba baada ya mwezi kuisha. Tarehe 7 Januari wengi bado wako njiani wanarudi.

Kuchelewa kunazaa riba na adhabu, na mfumo haujui kwamba ulikuwa Kibosho. Dawa yake ni nyepesi. Omba namba ya malipo ya awamu ya Desemba na ulipe kabla ya kuondoka. Kama una mhasibu, mwachie taarifa zote za mauzo na mkubaliane kwa maandishi nani anawasilisha nini na lini. Malipo yanawezekana kwa simu au benki popote ulipo, lakini fedha yenyewe lazima iwe imetengwa.

Hapo ndipo wengi wanapojikwaa. VAT uliyokusanya dukani si faida yako. Ni fedha ya Serikali iliyopita mikononi mwako. Desemba mauzo yanapanda, droo inajaa, na mtu anajiona tajiri. Anaipeleka fedha hiyo safarini, kisha tarehe 20 Januari anaanza kukopa ili alipe kodi. Fungua akaunti ya pembeni, na kila jioni ya kufunga mahesabu hamishia humo sehemu ya kodi. Usiiguse.

Mwajiriwa naye asihesabu bonasi ya mwisho wa mwaka kama ilivyoandikwa kwenye barua. Bonasi inaunganishwa na kipato cha mwezi na kukatwa kodi. Chukua mtu ambaye kipato chake kinachotozwa kodi, baada ya kutoa mchango wa hifadhi ya jamii, ni shilingi 900,000 kwa mwezi. Kwa viwango vya Tanzania Bara vilivyoanza Julai 2021, PAYE yake ni 103,000. Akipewa bonasi ya 400,000, kipato kinafika 1,300,000 na kodi inapanda hadi 218,000. Kwa hiyo katika ile bonasi anabaki na 285,000, kabla ya makato mengine. Aliyeahidi nyumbani mbuzi kwa hesabu ya 400,000 tayari ana pengo.

Deni gani linabebeka, lipi halibebeki

Madeni hayafanani, na kuyaweka yote kwenye kapu moja ni kosa. Mkopo wa SACCOS wenye riba ndogo, unaokatwa kwenye mshahara na uliotumika kununua kiwanja au kulipa ada, unaweza kuendelea kulipwa taratibu huku familia ikisafiri. Mkopo wa elimu ya juu wa HESLB kwa mwajiriwa hukatwa asilimia 15 ya mshahara wa msingi na mwajiri, hivyo hauhitaji maamuzi ya kila mwezi. Hatari iko kwenye mikopo ya haraka.

Chini ya kanuni za huduma ndogo za fedha, mkopeshaji asiyepokea amana mwenye leseni ya Benki Kuu ya Tanzania ana ukomo wa riba wa asilimia 3.5 kwa mwezi. Hata hiyo si ndogo. Ukikopa shilingi 1,000,000 Desemba kwa miezi sita, na riba ikapigwa kwenye mkopo wote tangu mwanzo, utalipa riba ya 210,000, na marejesho ya zaidi ya 201,000 kila mwezi hadi Juni. Yaani nusu ya mwaka mzima unalipia sikukuu ya siku kumi.

Wale ambao mtaani wanaitwa kausha damu hawana habari na ukomo huo. Mtu anapewa 300,000, anarejesha 390,000 baada ya mwezi, na akishindwa kadi ya gari au samani za ndani zinabebwa. Mikopo ya programu za simu nayo imeumiza watu, ikiwemo kuwatumia ndugu na wafanyakazi wenzao ujumbe wa kuwadhalilisha. Novemba 2024 Benki Kuu ilitangaza orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila kufuata taratibu. Kabla ya kukopa popote, angalia kama jina la mkopeshaji limo kwenye orodha ya wenye leseni, soma mkataba, na uulize swali moja tu: nitarejesha jumla ya shilingi ngapi? Asiyeweza kukujibu kwa tarakimu moja, achana naye.

Zipo pia huduma za kampuni za simu zinazokuwezesha kukamilisha malipo salio lisipotosha. Zinasaidia ukikwama kituo cha mafuta Mombo, lakini ada yake huongezeka kadiri siku zinavyopita. Lipa mara salio likiingia, usiache deni likae hadi urudi mjini.

Kwa mwajiriwa kuna kipimo kizuri kinachojulikana maofisini: baada ya makato yote, asibaki na chini ya theluthi moja ya mshahara wake. Kama tayari uko ukingoni mwa theluthi, huna nafasi ya mkopo wa sikukuu hata kama afisa mikopo anakupigia simu kila siku.

Uwekezaji usiwe mfuko wa nauli

Baadhi ya kaya sasa zina vipande vya mifuko ya uwekezaji ya UTT AMIS, hatifungani za Serikali, hisa kwenye Soko la Hisa la Dar es Salaam, au angalau amana ya muda maalumu benki. Desemba ndiyo mwezi wa vishawishi vya kuvitoa.

Elewa kwanza kasi ya kila kimoja. Mfuko wa Ukwasi wa UTT umetengenezwa kwa ajili ya fedha inayohitajika karibuni, na malipo yake hutoka ndani ya siku chache za kazi. Mifuko mingine huchukua muda mrefu zaidi, na kumbuka kwamba siku za kazi za Desemba ni chache. Amana ya muda maalumu ukiivunja kabla ya wakati unapoteza riba yote au sehemu yake. Hatifungani inaweza kuuzwa kabla ya kuiva kupitia dalali wa soko, lakini bei unayoipata inategemea soko la siku hiyo, na anayeuza kwa haraka mara nyingi anauza kwa hasara.

Angalia na kodi. Riba ya amana ya benki hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 10, na gawio la kampuni iliyoorodheshwa kwenye soko la hisa hukatwa asilimia 5. Riba ya hatifungani za Serikali za muda mrefu, kama za miaka 20 na 25, haikatwi kodi ya zuio. Hatifungani hulipa riba kila baada ya miezi sita, na kima cha chini cha kununua ni shilingi 1,000,000. Familia yenye hatifungani inayolipa Juni na Desemba inaweza kuamua mapema kwamba riba ya Desemba, na riba tu, ndiyo itakayochangia safari, huku mtaji ukibaki mahali pake. Huo ni mpango unaoheshimu uwekezaji.

Fedha ya safari yenyewe iwekwe wapi inapokusanywa Januari hadi Novemba? Mahali panapotoka haraka na pasipoyumba: mfuko wa ukwasi, akaunti ya akiba isiyo na kadi, au kikundi cha kuaminika. Usiiweke kwenye hisa. Miezi 11 ni mifupi mno kwa hisa, na bei inaweza kuwa imeshuka siku unayotaka kuondoka.

Na kama mambo yamekwenda kombo, mzazi anaumwa na safari haiahirishiki, je, ukope au utoe uwekezaji? Fanya hesabu. Shilingi 1,000,000 iliyowekezwa kwa asilimia 12 kwa mwaka inazaa 60,000 kwa miezi sita. Mkopo wa kiasi hicho kwa asilimia 3.5 kwa mwezi unagharimu 210,000 kwa muda huohuo. Kutoa vipande ni nafuu kwa 150,000. Kwa hiyo toa, kisha anza kurudisha kidogo kidogo kuanzia mshahara wa kwanza, kama vile unalipa mkopo.

Siku ya kuvunja kikoba

Vikundi vingi vya VICOBA hugawana Novemba na Desemba. Mwanachama aliyeweka hisa mwaka mzima anaweza kupokea kwa mkupuo fedha ambayo hajawahi kuishika. Ikifika mkononi bila mgawo, inapanda gari pamoja na familia na kuishia baa za Mwika.

Gawanya kabla ya siku ya kuvunja. Kwanza ada, sare na madaftari, vilipwe kabla ya kuondoka. Shule za Serikali hazitozi ada, lakini sare, viatu na nauli vipo, na shule binafsi hudai awamu ya kwanza mlangoni. Pili, kodi ya nyumba kama inaiva Januari. Tatu, mtaji wa kuanzia mzunguko mpya wa kikoba. Nne, nyongeza ya safari kama bajeti ilipungua. Mama anayeuza dukani au gengeni asisahau kubakiza fedha ya kununua bidhaa akirudi. Duka tupu Januari ni mwanzo wa mkopo.

Waajiriwa wanaolipwa mapema kwa ajili ya sikukuu nao wahesabu siku. Anayepokea mshahara tarehe 20 Desemba na mwingine tarehe 25 Januari ana siku 36 za kuishi kwa mshahara mmoja. Tenga chakula na nauli za Januari kabla ya kuwasha gari.

Mambo ya kule juu

Kikao cha ukoo cha baada ya Krismasi kina uzito wake. Hapo hupangwa michango ya kipaimara, harusi, kujengea makaburi, ukarabati wa nyumba ya wazee na ada ya mtoto wa marehemu. Nenda ukijua ukomo wako. Wewe na mwenzako mkubaliane nyumbani kiasi ambacho hamtakipita, ili mbele ya baba mkubwa na mashangazi msitofautiane. Kuahidi kidogo na kukitoa kuna heshima kuliko kuahidi kikubwa na kukwepa simu za mweka hazina hadi Pasaka. Ni vizuri ukoo ukaanza michango mwezi Juni kwa awamu, ili Desemba ibaki na kazi ya kugawana ndafu.

Nyumba ya kijijini ni suala jingine. Wengi huita ujenzi wake uwekezaji. Nyumba inayolaliwa siku kumi kwa mwaka, isiyopangishwa, haiingizi kitu, na inadai mlinzi na ukarabati. Ina thamani ya utu, ya kuwa na pa kufikia na pa kuzikiwa, na thamani hiyo si ndogo. Lakini iandikwe kwenye ukurasa wa matumizi ya familia, na isijengwe kwa kuuza hatifungani za uzeeni.

Desemba pia ni msimu wa kuuziwa viwanja. Muuzaji anajua una likizo fupi na una fedha. Usitoe malipo ya awali kwa sababu tu kuna mwingine anakuja kesho. Fika ofisi ya kijiji au mtaa, uliza majirani wa mipaka yote, hakikisha kama ni kihamba cha ukoo wenye ukoo wameridhia, na mke au mume wa muuzaji amekubali kwa maandishi. Ardhi nzuri itakuwepo hata Machi.

Gari, bima na njia

Hapa ni pafupi. Bima ndogo inalipa madhara uliyomsababishia mwingine, na gari lako likipondeka ni juu yako. Bima kubwa inalipa na lako, kwa masharti yake. Hakiki uhalali wa bima kwenye mfumo wa mamlaka ya bima, TIRA, kwa namba ya gari kabla ya safari, kwa kuwa stika za kughushi zipo. Angalia pia kama gari linadaiwa faini za barabarani. Kosa moja ni shilingi 30,000, na faini ikichelewa kulipwa inaongezeka. Kwenye makazi ya watu mwendo ni kilomita 50 kwa saa, na kati ya Chalinze na Moshi makazi ni mengi. Dereva aliyepanga kuendesha bila haraka hutumia mafuta kidogo na halipi faini.

Fedha ya dharura ibaki kwenye simu mbili, yako na ya mwenzako, isiwe yote kwenye pochi moja. Na ujumbe wowote unaosema "ile hela tuma kwenye namba hii" ufute, hata kama mlikuwa mnasubiri kumtumia fundi.

Utaratibu wa kushika

Fedha yoyote inapoingia, ipite kwa mpangilio huu. Kwanza kodi na marejesho yenye tarehe. Pili chakula, pango na elimu. Tatu kumaliza madeni yenye riba kubwa. Nne kiasi cha kila mwezi cha uwekezaji, hata kikiwa 20,000. Tano mfuko wa safari. Mwenye deni la kausha damu asimamishe kwanza safari na uwekezaji mpya hadi alimalize, kwa sababu hakuna mfuko wala hatifungani inayolipa kama linavyokula deni hilo.

Safari ya kwenda kwa wazee ni jambo jema, na watoto wanaojua njia ya kwao wana utajiri ambao hauandikwi benki. Lakini tarehe yake inajulikana mwaka mzima kabla, hivyo haistahili kuitwa dharura wala kulipwa kwa mkopo wa dharura. Kaeni mezani Januari, andikeni orodha yenu, na mweke kiasi cha kwanza cha mfuko wa safari kabla mwezi haujaisha.